Nani kakwambia faili la zamani limekufa?

Najua nimekuwa kimya wiki kadhaa. Wapo walioniandikia kuuliza kama nimepata ulaji serikalini nikawasahau. Hapana jamani. Nilikuwa na hasira, na mwandishi mwenye hasira ni afadhali anyamaze kwanza. Sasa hasira imepungua, haijaisha. Iliyobaki inatosha kuandikia.

Leo nataka kusema juu ya jambo ambalo wengi mtadhani ni la mafundi wa kompyuta peke yao: zile kanuni zinazowekwa kwenye hifadhi ya mafaili ili, faili likifikisha siku kadhaa, lihamishwe lenyewe kwenda hifadhi ya bei nafuu, na baadaye lifutwe lenyewe. Usiondoke. Jambo hili linagusa mashamba ya watu.

Nianze na kisa chenyewe.

Kama miaka mitatu hivi iliyopita nilitumwa kuandika makala za ile njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika Tabora na kuishia Ujiji ziwani. Ni njia ambayo Tanzania iliiweka mwaka 2006 kwenye orodha ya awali ya kuombea urithi wa dunia UNESCO. Tabora nilikaa siku tatu. Watu wengi wakifika pale wanapelekwa Kwihara, kwenye lile tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, wanapiga picha, wanaondoka. Mimi nilitaka watu, si nyumba. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja anayeishi nje ya mji.

Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akanijaribu kwa "mwangaluka". Nikajikwaa kujibu. Akacheka, akaniambia nikae chini ya mwembe.

Tukaongea dakika 71. Alinieleza habari za babu yake aliyekuwa mpagazi, aliyebeba pembe hadi pwani na kurudi na nguo si mara moja wala mbili. Akanieleza nyimbo za safari, posho, njaa ya Ugogo, na watu walioachwa njiani. Halafu akanieleza miembe. Mwembe huu kapanda nani, ule kapanda nani, upi ulikuwa kivuli cha misafara na upi ulipandwa kuwa mpaka wa shamba lao na jirani. Aliitaja mmoja mmoja, akionyesha kwa fimbo.

Tulipomaliza akasema, "Mwanangu, hiyo sauti usiipoteze. Mimi siandiki." Akaomba nimletee nakala kwa ajili ya wajukuu. Nikamwambia nitaleta.

Sikupeleka. Dhambi hiyo ni yangu, naiweka mezani mapema ili nisije nikaonekana nalaumu wengine huku mikono yangu michafu.

Mwaka huu nikapigiwa simu na mjukuu wake. Mzee amefariki. Baada ya arobaini jirani kasogeza mpaka, na miembe miwili imeshakatwa. Kesi iko baraza la ardhi la kata kwa usuluhishi, kikao ni Alhamisi saa tatu asubuhi. Akaniuliza, "Kaka, ile sauti ya babu bado unayo?"

Nikajibu kwa kifua kabisa: "Ipo."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Nikaenda kwa fundi wetu wa kompyuta. Akafungua skrini, akasema mafaili ya siku nyingi yote yamehamia hifadhi ya chini kabisa, ile ya bei poa. Kuyarudisha ni kuomba, na kuomba kuna gharama ya dola, na dola ni lazima mhasibu asaini. Nikaenda kwa mhasibu. Akaniuliza, "Ni habari ya lini?" Nikamwambia ya zamani. "Sasa ya zamani ya nini?" Nikaeleza. Akasaini Jumanne mchana, ila kwa ile njia nafuu, ambayo inaweza kuchukua hadi saa 48.

Faili likarudi Alhamisi mchana. Kikao kilikuwa kimekwisha.

Na si hilo tu. Lililorudi lilikuwa na jina "mzee_tabora_mwisho". Kwa haraka zetu hakuna aliyetazama ukubwa wake. Nikalifungua: dakika nne. Ni kile kipande nilichokata kwa ajili ya kuweka mtandaoni pamoja na makala. Zile dakika 71 zilikuwa kwenye folda ya "ghafi", na folda ile ilikuwa tupu.

"Nani kafuta?" nikauliza.

"Hakuna aliyefuta," fundi akanijibu. "Ni kanuni."

Ndugu msomaji, hebu rudia hilo jibu. Hakuna aliyefuta. Ni kanuni. Yaani kitu cha watu kimepotea na hakuna mtu wa kuulizwa! Ukivunjiwa nyumba unatafuta mwizi. Hapa mwizi ni tarakimu aliyoiandika mtu siku moja kabla ya chakula cha mchana, akasahau.

Sasa tuelezane kanuni hizi zinavyofanya kazi, maana wengi wanaozipitisha kwenye vikao hawazijui.

Kampuni kubwa zinazokodisha hifadhi zina madaraja. Amazon wanayo, Google wanayo, Microsoft wanayo. Daraja la juu ni la faili unaloweza kulifungua sasa hivi. Ukishuka, bei ya kutunza inashuka, lakini bei na muda wa kurudisha vinapanda. Kwa bei ambazo Amazon hutangaza kwa kituo chao cha mashariki ya Marekani, gigabaiti moja kwenye daraja la kawaida la S3 ni kama senti 2.3 za dola kwa mwezi. Kwenye daraja la chini kabisa, Glacier Deep Archive, haifiki hata senti moja; ni kama sehemu ya kumi ya senti. Maana yake terabaiti moja juu ni kama dola 23 kwa mwezi, chini ni kama dola 1. Ukiwa na terabaiti kumi za picha na video, ni dola 230 dhidi ya dola 10. Nakubali bila ubishi: kwa gazeti letu la Kitanzania linalohangaika kulipia hata karatasi, tofauti hiyo ni mshahara wa mtu. Aliyesema tuhamishe mafaili hakukosea.

Lakini barafu ina masharti yake. Ukitaka kitu kutoka daraja lile la chini, njia ya kawaida ni hadi saa 12, nafuu ni hadi saa 48. Ukikiweka ukakitoa kabla ya siku 180, unatozwa siku zote 180. Kila faili linabebeshwa vijikilobaiti vya ziada vya utambulisho, kwa hiyo kuhamisha maelfu ya maandishi madogo madogo unaweza usiokoe chochote. Na kulishusha faili kwenye intaneti hadi ofisini kwako kuna bei nyingine, kama senti 9 kwa gigabaiti ukishapita kiasi cha bure.

Sasa hapa ndipo penye kichekesho cha kuliza. Kanuni ya kawaida ya S3 ya kuhamisha na kufuta haijui faili linahusu nini. Haijui hata kama watu wanalitumia. Inahesabu siku tangu faili lilipopandishwa kule. Basi! (Lipo daraja jingine, walilolianzisha 2018, linaloangalia kama faili limeguswa. Sisi hatukutumia hilo.) Ofisi yetu ilipohamia huko, mafaili ya kwenye diski za miaka nenda rudi yalipandishwa yote katika wiki moja. Kwa macho ya mtambo, picha ya mwaka 1998 na picha ya juzi zilizaliwa wiki moja. Siku 730 zilipotimia, folda yote ya ghafi ikakutwa na umri wa kufa kwa pamoja. Ghafi za mafuriko, za mahakamani, za migomo, za misiba, za mzee wangu. Zimefutika katika usiku chache, bila hodi wala taarifa.

Nikakaa nikapiga hesabu. Dakika 71 za sauti isiyobanwa ni kama megabaiti 710. Kuzitunza kwenye lile daraja la chini kwa miaka KUMI hakufikii senti kumi za dola. Senti kumi! Kwa shilingi yetu hupati hata kikombe cha chai. Kuhamisha kuliokoa fedha, sawa. Kufuta kuliokoa nini?

Hoja yangu ndiyo hiyo, na naomba isipotoshwe. Sipingi kuhamisha mafaili. Napinga mambo mawili: kuiachia tarehe iamue thamani ya kitu, na kuiruhusu kanuni ifute bila mtu kuweka saini.

Mtaniambia, "Kijana, haya ni mambo ya mitambo, mapya." Si mapya hata kidogo. Yamewahi kutokea kwenye njia ile ile niliyotumwa kuiandika, kabla hakujawa na umeme.

Mwaka 1871 Livingstone alikuwa Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kimya, bila habari. Mali zake, vitambaa na shanga, zilikuwa zimetumwa kutoka Unguja hadi Ujiji chini ya mtu mmoja aliyeitwa Sherif. Oktoba mwaka huo Livingstone akarudi Ujiji amechoka, mgonjwa, akitegemea akiba yake. Hakukuta kitu. Kwa maelezo yake mwenyewe, Sherif alikuwa ametazamia kwenye msahafu akaona mwenye mali amekufa, akaziuza zote kwa pembe na watumwa. Tena alikuwa amemwandikia liwali wa Unyanyembe, yaani Tabora hapo, kuomba ruhusa ya kuuza vilivyobaki kwa kuwa mwenyewe ni marehemu.

Marehemu mwenyewe akatokea anatembea.

Hiyo ndiyo kanuni ya siku 730, ndugu zangu. Mwenye mali hajaonekana siku nyingi, basi kafa, uza. Faili halijafunguliwa siku nyingi, basi limekufa, futa. Tofauti ni kwamba Sherif tunamjua kwa jina na tunaweza kumlaumu hadi leo.

Sasa tazama upande wa pili, miaka miwili baadaye. Livingstone akafa kweli, Mei 1873, kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Wenzake Chuma na Susi wangeweza kugawana vitu na kila mtu akashika njia. Hawakufanya hivyo. Waliwaita watu wote, masanduku yakafunguliwa mbele ya kila mmoja, na kijana Jacob Wainwright, aliyekombolewa utumwani akasomeshwa India, akaandika orodha ya vitu vyote. Halafu wakabeba mwili na makaratasi. Oktoba 1873 walifika Kwihara, wakamkuta Cameron, Mwingereza aliyekuwa ametumwa kumtafuta Livingstone huyo huyo. Akawashauri mwili uzikwe pale pale. Wakakataa. Februari 1874 wakatua mzigo Bagamoyo.

Na unajua tumejuaje habari za Sherif? Kwa sababu ziliandikwa kwenye shajara ya Livingstone, na shajara ile ilitunzwa, ikabebwa ikafika. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wainwright alikuwa na daftari. Ofisi yangu ina kanuni, haina daftari.

Tabora ina ushahidi mwingine. Vita vya Kwanza vilipowazidi, Wajerumani waliihamishia serikali yao Tabora, na kabla Wabelgiji hawajauteka mji Septemba 1916, walifukia majalada ya serikali ardhini. Hebu fikiria, hiyo si ndiyo hifadhi ya chini kabisa? Haina bei, haina kodi ya mwezi. Baada ya vita majalada hayo yalifukuliwa. Yale yaliyosalia ya utawala wa Wajerumani yapo leo kwenye Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na mwaka 1997 UNESCO iliyaandikisha kwenye Kumbukumbu ya Dunia. Kitu kilichofukiwa kinaweza kurudi, ilimradi awepo anayejua kilipofukiwa. Kilichofutwa hakina pa kuchimba.

Tena ona hili. Sheria yetu ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Namba 3 ya mwaka 2002, inaweka miaka 30 kuwa umri wa nyaraka za umma kufunguliwa kwa wananchi. Yaani kwa mujibu wa sheria ya nchi, jalada likizeeka ndipo linapoanza kuwa mali ya wote. Kwa kanuni ya ofisi yangu, likifika miaka miwili ni takataka. Nani mwenye akili kati ya hawa wawili?

Kwenye masjala za serikali, ambazo wengine huzicheka kwa vumbi na majalada yaliyofungwa kamba, kuna elimu ambayo mafundi wetu wa mitambo wangepaswa kwenda kuisomea. Kuna jalada hai na kuna jalada tuli. Tuli si maana yake limekufa. Maana yake limepumzika. Likipumzika linahamishwa, na linapohamishwa linaandikwa limekwenda wapi. Kabla ya kuteketezwa kuna mwongozo unaosema aina gani ya nyaraka hukaa miaka mingapi, na kuna watu wanaopitia na kusaini. Chuo cha Utumishi wa Umma kinafundisha fani hii, na kina kampasi hapo hapo Tabora. Kwa hiyo si kwamba ujuzi hatuna nchini. Ni kwamba tulipohamia kwenye mitambo tulidhani mtunza masjala hahitajiki tena. Tukamwacha mlangoni.

Na hili si la magazeti peke yake. Serikali nayo inaingiza majalada kwenye kompyuta, hospitali pia, mahakama pia, halmashauri za wilaya pia. Kote huko siku moja diski itajaa, bili itakuja, na mtu ataambiwa, "Hebu weka kanuni ya kuhamisha ya zamani." Atakayeweka ni fundi. Hajui jalada gani ni la mirathi na lipi ni la ununuzi wa sukari ya chai. Atauliza swali moja tu: yana siku ngapi?

Nisieleweke vibaya kuhusu mafundi. Fundi wetu si mtu mbaya. Nilipomfokea (ndiyo, nilimfokea, na nimeshamwomba radhi) akaniuliza swali lililonikata maini: "Uliwahi kuniambia lile faili ni la muhimu?" Nikanyamaza. Mitambo ile inaruhusu kuweka lebo kwenye kila faili, na kanuni inaweza kuambiwa iguse zenye lebo hii na isiguse zenye lebo ile. Inaruhusu pia kutunza matoleo ya nyuma, ili faili likifutwa kwa makosa lipatikane. Vyote vilikuwepo. Hakuna mhariri aliyeviomba, hakuna mwandishi aliyeweka lebo. Tulimwachia kijana mmoja wa chumba cha nyuma aamue historia ya nchi kwa hesabu ya siku, halafu tunamshangaa alipohesabu siku!

Basi tufanyeje? Kulalamika bila dawa ni kupiga soga. Mimi nasema hivi.

Kwanza, kuhamisha ruksa, kufuta marufuku. Hatua ya kufuta isiwe ndani ya kanuni. Kila baada ya mwaka itolewe orodha, mhariri na mtunza kumbukumbu waipitie, wasaini wote wawili. Likifutwa kitu, lijulikane jina la mtu.

Pili, mafaili yakishuka, daftari libaki juu. Orodha ya kila faili, linahusu nani, wapi, lini, kwa lugha gani, dakika ngapi, iwe mahali pa kufunguka sasa hivi, na nakala moja ichapwe kwenye karatasi. Maandishi ni madogo, hayali nafasi. Ningekuwa na daftari hilo, siku ile ya Jumatatu ningejua ghafi imekwisha, na ningemwambia mjukuu ukweli mapema ili atafute mashahidi.

Tatu, mwandishi aweke lebo siku anayoingiza faili, si fundi. Mahojiano na wazee, ardhi, mahakama, vifo, ahadi za viongozi: KUDUMU. Picha hamsini za semina ya hoteli: mtambo ufanye utakavyo.

Nne, ofisi ikihamisha mafaili yake ya zamani kwa mkupuo, tarehe halisi ya tukio iandikwe kwenye jina la faili au kwenye lebo. Tarehe ya kupandisha ni tarehe ya mtambo, si ya habari.

Tano, itengwe fedha kidogo ya kurudisha, na mhariri wa zamu aweze kuiidhinisha bila kumsubiri mhasibu. Na kila miezi mitatu yachaguliwe mafaili matano yoyote, yarudishwe, yafunguliwe, yasikilizwe. Hifadhi ambayo hujawahi kutoa kitu ndani yake hujui kama ni ghala au kaburi.

Sita, na hii ni yetu waandishi: mtu akikupa sauti yake, mpe nakala. Kadi ya kumbukumbu ya simu ni elfu chache. Ningetimiza ahadi yangu, zile dakika 71 zingekuwa kwenye simu za wajukuu wanane, na hakuna kanuni ya ofisi yoyote ingezifikia.

Wapo watakaosema gazeti si hifadhi ya ushahidi wa kesi za mashamba, kazi yetu ni habari za leo. Nawaelewa. Lakini hebu tujiulize, habari za leo zinathibitishwa na nini? Waziri akisema hajawahi kuahidi barabara, unamjibu kwa nini? Unamjibu kwa faili la zamani. Mwandishi asiye na jana anaishia kuandika alichoambiwa leo asubuhi. Wapo viongozi ambao wangefurahi sana kusikia kwamba sauti zao hujifuta zenyewe kila baada ya siku 730.

Nimalizie na Tabora.

Usuluhishi ulishindikana. Familia inajiandaa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nimetafuta daftari langu la safari ile nikalipata. Kuna mistari mitatu tu juu ya miembe: "babu kapanda, wa kaskazini ni mpaka, jirani anajua." Mengine sikuandika kwa sababu kinasa sauti kilikuwa kinafanya kazi. Niko tayari kwenda kusimama na kueleza nilichokisikia, ingawa najua neno langu si sauti ya mzee.

Zile dakika nne nimewapelekea. Nimezisikiliza mara nyingi mno. Ni nzuri, mzee anaimba, anaeleza pembe zilivyobebwa, anacheka. Juu ya mwembe hakuna hata neno moja. Nilikipunguza mwenyewe kipande hicho, kwa sababu siku ile nilidhani msomaji wa Dar hana haja ya kujua mwembe wa Tabora ni wa nani.

Naomba kutoa hoja.